Meli ya Visogo

Kila mnapokuja hapa Mkolani, vijana wangu, mnaanza vizuri. Shikamoo mzee, marahaba, mnakaa kwenye benchi, mnasifia chai, mnazishika patasi zangu mkizigeuzageuza utadhani mnataka kuzinunua. Halafu mmoja wenu, yule mliyemchagua njiani, anakohoa na kuuliza: "Mzee, samahani, hivi nyuso zilikushinda?" Wengine mnamkazia macho, eti hamkumtuma.

Swali ni halali. Maisha yangu yote ya kazi nimechonga picha za kuinuka, zile zinazotokeza kidogo ubaoni, kwenye mbao za meli kuukuu, na watu niliowachonga wanaweza kujaza mtaa huu, lakini, ukiacha ubao wangu wa kwanza, hakuna hata mmoja mwenye pua. Wavuvi wamekupa kisogo, abiria wamekupa kisogo, mama mwenye mtoto mgongoni amekupa visogo viwili. Sasa nimestaafu. Kwa fundi, kustaafu maana yake ni kwamba mkono unatetemeka lakini maswali bado yanaletwa kwako. Leo nitalijibu hilo moja, ila kwa njia ndefu, maana njia fupi hainipendezi mimi mwenyewe.

Zamani kidogo alikuja mgeni mmoja, mtaalamu wa sanaa, mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Akasimama mbele ya ubao wangu wa abiria kwa muda mrefu mpaka nikahisi ameona kosa. Kumbe ameona mambo makubwa. Akaniambia kwamba watu wangu wanatazama mustakabali. Sikujua kama wana habari hizo, mimi nilijua wanapanda meli kwenda Ukerewe. Lakini maneno yalikuwa matamu, nikayakariri, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyeuliza habari za visogo nilimpa mustakabali. Wengi waliridhika. Mmoja alitokwa na machozi.

Ukweli ni mdogo na unatoka nyumbani. Baba yangu alikuwa seremala wa mjini, mtu wa msikiti na randa. Yeye na baba yake walichonga milango, na marufaa ya kuwekea msahafu, na nakshi zao zilikuwa maua, majani na mikunjo inayozunguka mpaka inajirudia. Siku alipoona ubao wangu wa kwanza wa wavuvi, wenye nyuso kamili pamoja na meno, aliuweka chini taratibu akafuta mikono.

"Mwanangu," akasema, "siku utakayosimama mbele ya Mola utaambiwa, haya, ulitengeneza watu, sasa watie roho. Utasema nini?"

Nikamwambia nitasema nilikuwa natafuta riziki.

"Jibu hilo watakuwa nalo wengi siku hiyo," akasema, akaondoka.

Tukanuniana kwa kipindi kirefu. Mama yangu, Msukuma aliyeolewa katika nyumba ya watu wanaojua kununa, ndiye aliyechoka kwanza. Akamuuliza baba mbele ya sahani ya ugali na sato: tatizo ni mwili wote au ni uso? Baba akatafuna, akafikiri, akasema tatizo hasa ni uso. "Basi wape watu kisogo, mle chakula," mama akasema. Nikaahidi palepale, mkono ukiwa kwenye ugali, kwamba sitachonga uso. Hiyo ndiyo falsafa yangu yote, na ilitoka jikoni.

Sasa mbao. Mnaniuliza nilizipata wapi mbao za meli, na nyinyi siku hizi mnanunua mbao zilizopigwa randa tayari, laini, hazina hata kovu. Zangu zilitoka kwenye meli ambayo watu wa bandarini waliiita Bikizee. Ilibeba watu, pamba, dagaa na ng'ombe wa kila tabia kwa miaka ambayo baba yangu alikuwa bado kijana. Ikachoka, ikafungwa gatini, ikakaa hapo mpaka ndege wakaiona ni kisiwa. Mwishowe ikauzwa chuma chakavu. Wanunuzi walitaka chuma tu, na kwao mbao za sitaha zilikuwa takataka zilizowazuia kukifikia.

Mbao zile zilikuwa za mtiki wa ng'ambo. Siku tulipofika, mimi na Fundi Masatu, tulimkuta mama lishe akipikia maharage kwa mtiki huohuo. Fundi Masatu alikuwa Mkerewe, mjenzi wa mitumbwi, mtu mfupi mwenye mikono mipana, na ndiye aliyenifundisha kila ninachojua kuhusu mti. Aliinama akachomoa kijinga kimoja kutoka chini ya sufuria, akakizima kwenye mchanga, akakikuna kwa kucha.

"Mama, hizi si kuni," akasema. "Hizi zimetembea ziwa hiri kabra wewe hujazariwa."

"Zinawaka," akajibu yule mama.

Akambadilishia gunia la mkaa kwa rundo zima. Mama alitutazama kwa huruma tulipokuwa tukizipakia kwenye mkokoteni. Nina hakika aliwasimulia watu wake jioni ile kwamba amekutana na wajinga wawili, na mmoja ni mtu mzima kabisa.

Mbao za sitaha zina siri yake. Zilifungwa kwa bolti za chuma, na kichwa cha kila bolti kikafichwa chini ya kizibo cha mti huohuo, kwa ustadi ambao macho hayauoni. Aliyefanya kazi ile alikuwa fundi kweli, Mungu amrehemu na amsamehe. Fundi Masatu alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga uzi. Kabla ya kugusa ubao ulipaswa uipitishe juu yake polepole, na pale uzi unapovutwa, unaweka chaki. Mimi nikaona ni mambo ya wazee. Nikachukua patasi mpya niliyokuwa naionea fahari, nikaanza kuchonga bila sumaku, na pigo la tatu au la nne likatoa cheche.

"Umeonana na kapteni?" akauliza Fundi Masatu bila kugeuza kichwa. Kila chuma kilichojificha ubaoni alikiita kapteni, maana ndiye wa mwisho kutoka melini. Nilionana na makapteni wengi kabla sijakubali kuazima ile sumaku.

Nikufundisheni na mengine mawili matatu, mkitaka mpokee, msipotaka mnywe chai. Mtiki unakula makali. Ndani yake kuna kama mchanga ambao huuoni, kwa hiyo noa kabla patasi haijalalamika, maana ikishaanza kulalamika imeshachana nyuzi. Halafu anza na maji. Ukianza na watu, utajifunzia kwenye watu. Maji yanasamehe: wimbi lililokatika ni wimbi jingine. Ukimaliza kuchonga maji utakuwa umeujua ubao, unakopenda kupasuka na unakokuwa mkaidi, ndipo uwafikie watu. Hizo mashine zenu zinazoongozwa na kompyuta zinaanzia kona ya juu na kushuka, maji na watu ni mamoja kwake. Nimeiona moja ikichonga uso wa mheshimiwa mmoja kabla chai yangu haijapoa. Ulifanana naye sana. Ulifanana pia na ule wa mheshimiwa wa kabla yake.

La mwisho ni gundi, na hili nililijua kwa aibu. Mbao za sitaha ni nyembamba kwa upana, lazima uziunganishe kadhaa ubavu kwa ubavu ili upate ubao mkubwa. Mtiki una mafuta yake, gundi haishiki vizuri mpaka uufute kwa spiriti pale unapounga. Sikufuta. Na kwa kutojua, nikapanga abiria wangu ili kiungo kipite sawasawa kwenye shingo zao. Ubao ukaenda kutundikwa kwenye ofisi moja yenye kiyoyozi kinachofanya kazi, jambo ambalo sikulitegemea. Hewa kavu ikaukausha, viungo vikaachia. Siku moja nikapigiwa simu.

"Fundi," sauti ikasema kwa upole, "njoo, watu wako wamekatwa vichwa."

Nilikwenda. Ilikuwa kweli, wote, kwa mstari mmoja, hata mtoto wa mgongoni. Baba alipopata habari alifurahi sana, akasema sasa ndiyo nimeanza kuelewa dini. Tangu hapo kiungo nakipitisha kwenye mkanda wa suruali, na hata kikiachia, mtu anaonekana amevaa mkanda.

Bikizee iliisha. Biashara yake haikuisha. Mjini paliendelea kupatikana mbao za Bikizee miaka mingi baada ya ubao wa mwisho kutoka. Mafundi walichukua mninga mpya, wakaupiga misumari, wakaing'oa, wakaupaka majani ya chai na kuuanika. Kwa mahesabu yangu Bikizee imetoa mbao za kutosha kujenga meli tatu kubwa kuliko yenyewe. Mnunuzi mmoja kutoka pwani alinirudishia ubao wangu wa halali akilalamika kwamba hauna harufu ya chumvi. Nikamwambia ziwa letu maji yake ni ya kunywa. Akaniangalia kwa mashaka, akaenda kununua ule wa majani ya chai.

Chini ya kitanda changu nilikuwa nimebakiza mbao chache za kweli, za kuzeekea. Ndipo akaja Bwana Ndaki.

Bwana Ndaki alikuwa amejenga nyumba ya wageni upande wa Kigongo enzi za foleni ya kivuko. Watu walisubiri kuvuka kwenda Busisi, wakisubiri wanakula, wakichelewa wanalala. Akaona mambo ni mazuri, akaongeza vyumba, akaongeza ghorofa. Rangi ya ghorofa ilipokauka, daraja nalo likafunguliwa, na wateja wake wakaanza kupita juu kwa mwendo mzuri tu. Wengine walimpungia mkono.

"Nataka kivutio," akaniambia. "Ukuta wa mapokezi wote. Meli ya zamani, watu wanapanda, mbao za meli yenyewe. Mtu akisikia lazima asimame."

Nilidhani wanaosimama ni wanaotafuta choo, lakini sikusema. Nikavuta mbao zangu kutoka chini ya kitanda. Nilijua ndiyo kazi yangu ya mwisho ya ukubwa ule, na nilitaka niifanye vizuri, nimalize kwa heshima, nikae niulizwe maswali.

Nilikuwa nimeshachora abiria kwa penseli na nimeanza maji, pale mlangoni aliposimama mama mmoja mtu mzima, mrefu, ana mkoba kwapani.

"Hodi, fundi."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nimeambiwa Bikizee iko hapa."

Nikamwonyesha kilichobaki cha Bikizee. Akaweka mkoba chini, akainama mpaka pua ikakaribia ubao, akanusa.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Shati za mzee wangu zilinukia hivi."

Alikuwa anaitwa Mama Nyangeta, mtu wa Majita kule Mara, na sasa anakaa hapahapa Mkolani kwa binti yake. Mumewe alikuwa mtu wa injini ndani ya Bikizee, kazi yake kutia mafuta na grisi. Hakufa majini. Alikufa kitandani, kwa ugonjwa, baada ya kustaafu, kifo cha kawaida ambacho hakitangazwi redioni.

"Picha zake zilikuwa mbili tu," akaniambia. "Ya harusi na ya kitambulisho. Ziwa lilipopanda likaingia ndani kwetu, kabati lote likalowa, picha zikabaki karatasi nyeupe. Sikulia sana, nilijua ninaye kichwani. Sasa hata kichwani anaondoka, baba. Nikifumba macho naiona kofia yake. Chini ya kofia hakuna mtu."

Nikamsogezea benchi.

"Nakuomba umchonge hapo, na wenzake. Uso wake. Wewe utaanza, mimi nitakaa hapa nakwambia, hapo sivyo, hapo ndivyo, mpaka arudi."

Nilifanya nilichozoea. Nikajiweka sawa, nikamwambia kwamba watu wangu wanatazama mustakabali. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Mimi nataka mume wangu."

Niliona haya, wanangu, nawaambieni kweli. Nikamweleza habari za baba, za ahadi, mpaka ugali. Hapo alitikisa kichwa kwa kuelewa, kwa sababu hayo yalikuwa ya watu, hayakuwa ya wataalamu.

"Baba yako yuko hai?"

"Alishatangulia, mama."

"Basi siwezi kwenda kumwomba akuachie." Akachukua mkoba wake, akaaga, akaenda.

Nilijiona mtu mwenye msimamo mpaka alipovuka barabara. Baadaye nikakasirika, na ni jambo la kuchekesha mzee wa umri wangu kumkasirikia baba yake aliye kaburini. Nikasema liwalo na liwe. Nikachukua kipande cha ubao kisichokuwa na kazi, nikanoa patasi nyembamba, nikaanza uso. Uso wowote, wa kujaribia. Macho yakatoka ya sato. Pua ilikaa vizuri mpaka nilipofika mdomoni, ikakatika. Nikajaribu tena, safari hii akatoka mtu anayeonekana amepewa habari mbaya. Nilikuwa nimekwepa nyuso kwa muda mrefu kiasi kwamba hata ningetaka kuivunja ahadi, sikuwa na uwezo wa kuivunja. Kwa hiyo wewe uliyekohoa, jibu lako ni ndiyo. Zilinishinda.

Mama Nyangeta akarudi. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, hakunipa nafasi.

"Nimefikiri," akasema akikaa kwenye benchi. "Uso umepotea, lakini mgongo wake ninaujua. Mgongo wake ninaujua kuliko wangu."

Akanieleza. Watu wa Bikizee walikuwa na mwiko wao: ukishaweka mguu kwenye ngazi ya meli, hutazami nyuma. Ukitazama, injini itazimika katikati ya ziwa. Yeye na mumewe walioana wakiwa wadogo, akamsindikiza gatini, na yule bwana kwa upya wa ndoa akageuka akampungia mkono. Injini ikazimika kabla hawajafika Ukerewe. Ilikuwa ni valvu imekwama, na mwenye kosa alikuwa mwingine, lakini wenzake walimnunia mpaka malipo ya mwezi. Hakutazama nyuma tena. Miaka yote ile mama alisimama gatini akiangalia mgongo ukipanda ngazi, na walikuwa wakigombana kwa ajili ya jambo hilohilo.

"Nilimwambia, Baba Nyangeta, ipo siku nitakusahau sura. Akacheka. Akasema atakuwa anarudi jioni, nitamwangalia vizuri. Akirudi nilikuwa napika."

Tukaanza kazi. Nikamchagulia mahali pa katikati, mguu mmoja kwenye ngazi, mkono kwenye kamba. Mama akaja kila alipopata nafasi, akakaa kwenye benchi hiyo mnayokalia, na simtakii fundi yeyote mteja wa namna ile.

"Bega la kushoto lishushe."

Nikalishusha.

"Bado."

"Mama, nikilishusha zaidi ataanguka kwenye ngazi."

"Hakuanguka maisha yake yote, ataangukia kwako?"

Nikalishusha. Shingo akasema nimempa ya mtu aliyeshiba, nikaipunguza. Kofia akasema iende nyuma zaidi, maana aliivaa kwa kisogo. Miguu akasema nimeinyoosha bure, alikuwa na matege kidogo, nisimwonee haya. Nyinyi mnaofinyanga udongo hamtaelewa hofu niliyokuwa nayo. Kwenye mbao unaondoa tu, ulichoondoa hakirudi, na ubao wa sitaha una unene wa vidole viwili. Kila sahihisho lake lilikula unene. Mwishowe nikamwambia waziwazi: "Mama, tumebakiza marekebisho machache. Tukizidisha tutatokea upande wa pili, na huku atakuwa hayupo tena." Kuanzia hapo alikuwa akifikiri sana kabla ya kusema, na mara nyingine aliinua mkono, akausitisha hewani, akaurudisha mapajani. Niliona woga wake. Alikuwa anaogopa kukosea akampoteza mara ya pili.

Kuna kitu kilikuwa bado, na wote tulijua. Ulikuwa mgongo mzuri, hata wa mtu anayefanana naye, lakini alipouangalia aliuangalia kwa heshima tu, kama picha ya kanisani.

Siku hiyo nilikuwa nasafisha chini ya bega la kulia. Sumaku ilikuwa imenionya kwamba pembeni kuna bolti, nikaikwepa, lakini chuma kikikaa na mtiki miaka mingi kinatema weusi, na weusi husambaa ndani usikokuona. Kila nilipoondoa tabaka jembamba, doa likatanuka. Likatokea jeusi, refu, katikati ya mgongo, kwenye shati. Nilitukana kimoyomoyo. Dawa yake ni ndimu: unakamua, unapaka, unaacha, unarudia mpaka weusi upauke. Nikachukua ndimu, nikaikata. Mama Nyangeta akaruka kutoka kwenye benchi kwa kasi nisiyoitegemea kwa umri wake, akanishika mkono.

"Usiliguse!"

"Mama, ni doa la chuma, linatoka."

"Halitoki!" Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka. "Hilo ni la grisi. Alikuwa akijiegemeza kwenye injini palepale. Nimelifua hilo doa miaka yote ya ndoa yangu, kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, halikutoka hata siku moja. Leo wewe utaliweza kwa ndimu?"

Akaweka kiganja juu ya doa. Akakaa hivyo.

"Usiongeze kitu," akasema. "Ndiye huyu."

Nikaweka patasi chini. Ile ndimu tuliitia kwenye chai.

Siku ya kutundika, Bwana Ndaki alituma gari. Tuliupandisha ubao ukutani, vijana wake wanne na mimi nikipiga kelele, na ulipokaa sawa nikarudi nyuma kuutazama. Bikizee ilikuwa imejaa. Abiria na mizigo, wote visogo, na katikati mtu wa injini mwenye doa. Bwana Ndaki aliridhika, ila akaniuliza kwa sauti ya chini kama lile jeusi lingeweza kupakwa rangi. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia amuulize yule mama anayeingia.

Mama Nyangeta alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Hakumsalimia mtu, na kwa mwanamke wa adabu zake hilo lilikuwa jambo kubwa. Akapita kwenye meza ya mapokezi, akawapita wasafiri wawili waliosimamisha gari kuulizia choo, akaenda mpaka ukutani. Mtu wake alikuwa juu kidogo ya kichwa chake, sawasawa na mtu aliyekwishaanza kupanda ngazi. Akasimama hapo akimwangalia. Bwana Ndaki akaagiza kiti, kikaletwa, hakukikalia. Wale wasafiri walitoka chooni, wakatazama kidogo, wakaondoka zao na daraja lao.

Nikamsogelea. Nilitaka kumuuliza kama uso umerudi. Ndilo lilikuwa jambo lenyewe, ndilo alilolijia tangu siku ya kwanza, na kazi yote ile ya bega na shingo ilikuwa njia ya kulifikia. Sikuweza kuuliza. Alinyoosha mkono, akalifikia lile doa kwa ncha za vidole.

"Geuka basi, Baba Nyangeta," akasema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Meli haiendi popote tena."

Mimi ndiye niliyeuchonga ule mgongo. Najua unene uliobaki, najua kwamba mahali pa kifua chake hakuna kifua, kuna ukuta wa tofali za Bwana Ndaki. Nikasimama kando yake, tukasubiri wote wawili.